Chupa Ndogo, Kilevi Kingi



Serikali ilipopiga marufuku viroba kuanzia Machi 1, 2017, nilishangilia hadi altareni. Nilidhani tumepona.

Juma lililopita, nikiwa machimboni upande wa Geita, kijana mmoja aliniambia kwa furaha: "Padre, bia nimeacha. Siku hizi nanywa kichupa kimoja tu cha konyagi kabla ya kushuka duarani." Nilikishika kichupa kile, nikasoma lebo: mililita 200, kilevi asilimia 35. Tukapiga hesabu pamoja. Ndani yake mna mililita 70 za kilevi halisi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina 25. "Kimoja tu" ni karibu bia tatu! Kijana alinyamaza. Nami niliona haya, kwani sikuwahi kuwafundisha hesabu hiyo.

Ndugu zangu, udogo wa chombo usitudanganye. Anywaye asome kwanza asilimia, kisha ujazo. Chupa kubwa ifunguliwe arusini, igawanywe mezani mbele ya wazee, pamoja na chakula na maji. Kichupa cha mfukoni hakina shahidi. Gongo isiyo na lebo tuikatae kabisa: yaweza kuwa na methanoli, ipofushayo na kuua. Na anayeshuka duarani asichague chupa yoyote, kwa maana uhai wa wenzake umo mikononi mwake.

Kijana aliniachia kichupa chake kikiwa kimejaa. Ya kesho yake siyajui, tumwombee.

Dominika njema.