Mle kwa Jirani

Ukitaka kujua iwapo watoto wako wanawaheshimu majirani, sikiliza wanavyokizungumzia chakula chao. Kifungua mimba wangu alipoanza kuwacheka wenzake shuleni eti wanakula samaki na kichwa chake, mimi na mama yake tulikata shauri: kila mwisho wa mwezi tutakula katika hoteli tofauti hapa Nairobi.

Eastleigh tulikula wali wa Kisomali, ndizi mbivu kando. Parklands tukala dengu na chapati kwa Wahindi. Kenyatta Market tukapimiwa nyama kwa kilo, tukangoja ichomwe. Mwishowe tukaingia hoteli ya vyakula vya Kiluo katikati ya jiji, tukaletewa samaki mzima na ugali. Kijana akanawa mikono, akaonja kwa wasiwasi, kisha akachokoa hadi kichwa.

Usiseme huna pesa. Agizeni sahani mbili mgawane, soda ziacheni. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilituonyesha dharau hutufikisha wapi. Mtoto aliyezoea kushiba chakula cha jirani hatamtukana kwa urahisi.