Simu ya Mezani Ofisini Kwetu

Wadogo zetu wa kidato cha kwanza wakiingia ofisini huitazama simu iliyo juu ya meza ya karani kama mtu atazamavyo cherehani ya bibi yake. Kwao simu ni kile kitu chembamba cha kioo kinachokaa mfukoni. Hii ya mezani, yenye mkono wake mzito, kamba iliyojisokota na vitufe zaidi ya ishirini, huiona kuwa ni masalio tu. Mimi nimekaa nayo tangu mwezi wa kwanza, kwa kuwa kiranja wa ofisi hupewa kazi ya kumsaidia karani kuipokea kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, wakati ambao wazazi wengi wamekwisha toka makazini na sokoni. Sisi wa bweni haturuhusiwi kuwa na simu zetu wenyewe. Basi sauti ya mzazi wa mtoto aliye hapa Makumira, ikitaka kumfikia mtoto huyo kwa njia ya halali, haina budi kupita katika simu ile. Ndiyo sababu ya kuandika habari hizi.

Neno lenyewe simu tulilipata kwa Waajemi, na asili yake ni waya. Waya ulifika kwetu kabla ya sauti. Mwaka 1879 kebo ililazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja na kuendelea kusini, na kwa miaka mingi kupeleka simu kulikuwa ni kupeleka maandishi mafupi kwa mkono wa Posta, kila neno likilipiwa. Wazee walipoanza kusemezana kwa waya waliiita simu ya mdomo, wapate kuitofautisha na ile ya maandishi. Babu yangu bado aiita hivyo.

Babu alikuwa karani katika shamba moja la kahawa upande wa Usa River katika miaka ya 1960. Asema simu yao ilikuwa na kipini cha kuzungusha. Ukizungusha, opereta wa Posta aitika, nawe wamtajia umtakaye, naye achomeka waya kwa mkono wake. Kumpata mtu wa Dar es Salaam kulitaka kuweka zamu na kungoja. Aliyekuambia usubiri ni opereta, aliyekuhamisha kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine ni opereta, na akipenda kusikiliza, asikiliza. Nilipoyasikia hayo nilitambua jambo ambalo kijitabu cha maelezo ya simu yetu hakikulitaja: kila kitufe kilicho juu ya simu ya ofisini ni kipande cha kazi ya mtu yule. Waliomwondoa walikuwa na sababu zao. Yasimuliwa kwamba Almon Strowger, Mmarekani aliyefanya biashara ya mazishi huko Kansas City, aliamini kuwa opereta wa mji huwapeleka wateja wake kwa mshindani wake. Kwa hasira akabuni mtambo wa kuunganisha simu bila mtu, akapata hati ya uvumbuzi mwaka 1891. Mtambo ulimwondoa opereta, lakini haukuja na adabu yake. Adabu hiyo imetuangukia sisi tunaobonyeza.

Simu yetu imefungwa kwenye mtambo mdogo ukutani, nyuma ya kabati la mafaili, nao unagawa laini kwa vyumba sita: karani, mkuu wa shule, taaluma, malezi, chumba cha wagonjwa na lango la mlinzi. Ukitaka kutoka nje wabonyeza 9 kwanza. Ukitaka chumba cha ndani wabonyeza tarakimu tatu tu. Hayo hujifunza kila mtu kwa siku moja.

Kitufe cha kusubirisha ndicho kitumiwacho kuliko vyote, na kwa maoni yangu ndicho kitumiwacho vibaya kuliko vyote. Ukikibonyeza, mpigaji hakusikii wala humsikii, ila laini haikatiki. Yeye husikia muziki. (Muziki huo nao ulizaliwa kwa bahati. Mmarekani Alfred Levy aligundua kwamba waya uliolegea katika kiwanda chake umegusa chuma cha jengo, na wanaosubiri kwenye simu wanasikia redio ya jirani. Aliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1962.) Muziki huwadanganya waliomo ofisini wakadhani kuwa mgeni wao ameketi kwenye kiti kizuri. Hajaketi. Aliyepiga ndiye anayelipa, na salio lake laendelea kuliwa muda wote ule muziki unapolia.

Mama mmoja hupiga kila Jumamosi akitoka kuuza ndizi soko la Tengeru. Hununua vocha ndogo, na namjua kwa haraka yake ya kusalimu. Mwanawe akiwa uwanjani, kumfuata na kurudi naye ni dakika saba nikikimbia. Karani aliniambia nimsubirishe kama wengine. Nikamwomba ruhusa tuandike namba yake, tumwambie akate, kisha tumpigie sisi mtoto akifika. Karani akasema, na kwa haki, kwamba shule nayo hulipa na fungu la simu si kubwa. Tukahesabu pamoja kwa mwezi mmoja katika daftari la simu: walikuwa wazazi wachache tu waliokuwa na shida ya namna hiyo, wala hawakuzungumza sana. Mkuu wa shule alikubali. Sasa kanuni ni kwamba hakuna mzazi wa kusubirishwa zaidi ya dakika moja bila kuulizwa kama apenda kupigiwa. Najua ladha ya upande wa pili pia, maana ofisi moja ya mjini ilitusubirisha kwa muziki robo saa nzima tulipouliza habari za vyeti, kisha ikakata.

Karibu yake kuna kitufe cha kunyamazisha, nacho watu hukichanganya na cha kwanza. Hapa mpigaji hakusikii, bali wewe wamsikia. Chafaa mtu anapoeleza jambo refu na nje lori lapanda barabara ya Moshi kwa kelele. Wengi badala yake huziba simu kwa kiganja. Kiganja hakizibi kitu! Nimewahi kuwa upande wa pili wa simu ya namna hiyo, nikasikia barabara maneno ambayo hayakukusudiwa kunifikia.

Sasa nije kwenye kuhamisha. Mwezi wa tano, siku ya Jumatano jioni, karani alikuwa ametoka kupeleka barua, simu ikalia. Alikuwa mzee mmoja kutoka upande wa Simanjiro, na sauti yake ilikuwa tulivu mno.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Mimi ni baba mdogo wa mtoto wenu mmoja wa kidato cha pili.” Akataja jina. “Niitie niseme naye.”

Nikamwuliza kama nyumbani ni salama. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Kuna mambo ya nyumbani.”

Kila aliyelelewa katika nchi hii ayajua maneno hayo. Wala si desturi yetu mtoto aambiwe msiba katika waya, amesimama kando ya meza ya ofisi, watu wakiingia na kutoka na madaftari. Nikamwomba mzee radhi, nikambonyezea kusubiri, nikapiga chumba cha malezi. Nikamweleza mwalimu nani yupo kwenye simu na amesema nini, neno kwa neno, bila kuongeza. Mwalimu akasema, “Mtoto usimwite bado. Mlete huyo mzee kwangu.”

Simu yetu ina njia mbili za kumhamisha mtu. Ya kwanza ni kubonyeza kitufe, kubonyeza namba ya chumba, na kuweka mkono wa simu chini papo hapo. Mtu huyo ataangukia popote: pengine chumba kitupu, pengine kwa mtu asiyejua lolote, na atalazimika kuanza maneno yake upya. Naiita njia ya kumtupa mtu. Ya pili ni kungoja yule wa ndani aitike, umweleze, kisha ndipo ukabidhi. Tofauti yake haifiki nusu dakika. Hebu fikiri mzee yule aanze mara tatu, kwa watu watatu, kueleza kwamba ndugu yake amefariki. Maana ndivyo ilivyokuwa: baba wa mtoto alikuwa amefariki mchana ule.

Nikamrudia mzee, nikamwambia, “Baba, nakuunganisha na mwalimu wa malezi. Yeye ndiye mzazi wao hapa. Yupo, anakungoja.” Akajibu, “Asante, mwanangu. Mungu akubariki.” Nikaweka chini. Katika simu yetu, laini ikitumika katika chumba kingine, taa ndogo nyekundu huwaka juu ya meza ya karani, na mtu akibonyeza hapo aweza kuingia katika mazungumzo. Taa ile iliwaka kwa dakika ishirini nami nikaitazama tu. Babu ameniambia kuwa opereta mwema alijulikana kwa hilo.

Lililokuwa zito kwangu lilikuja baadaye. Bwaloni mtoto yule alikaa meza ninayoisimamia. Alikula, akacheka, akaniomba nimwongezee maharage. Nikamwongezea. Nilijua jambo kubwa kuliko yote ya maisha yake na yeye hakulijua, na haikuwa kazi yangu kumwambia. Baada ya chakula mwalimu alimwita nyumbani kwake, akamwambia akiwa ameketi, na mke wa mwalimu mwingine alikuwapo. Kesho yake kabla ya saa mbili asubuhi baba yake mdogo alifika mwenyewe langoni, akamchukua. Amekwisha rudi masomoni.

Kuhusu kipaza sauti, rai yangu ni kwamba kisitumike ila kwa idhini. Wakati wa masika mvua ikipiga mabati yetu hapana anayesikia neno bila kukifungua, na hapo watu wote ofisini huwa wasikilizaji. Basi sema tangu mwanzo: “Mama, tuko watatu hapa, nasi twakusikia sote.” Mama mwingine ataendelea, na mwingine atasema atapiga kesho. Aidha, mkumbuke kwamba simu haipitishi sauti yote ya binadamu, bali sehemu tu, kiasi cha mitetemo 300 hadi 3,400 kwa sekunde, na herufi kama f na s hutambulika zaidi kwa mitetemo iliyo juu ya hapo. Ndiyo maana majina husikika vibaya. Namba na majina yarudiwe polepole, tena na anayeandika, si anayetaja.

Kitufe cha kurudia namba ya mwisho ni cha msaada laini za mjini zinapokuwa na shughuli. Lakini pia ni mdomo uliolegea. Akija mwingine akibonyeza, atajua aliyetangulia alimpigia nani. Mwalimu mmoja, akimaliza jambo la siri, hupiga namba ya mlinzi langoni, amsalimu, aweke chini. Tulidhani anampenda sana mlinzi kumbe anafuta nyayo.

Cha kukutanisha watu watatu tumekitumia mara moja tu, kwa mgonjwa: muuguzi wetu, daktari, na baba aliye mbali ambaye alitakiwa kutoa idhini. Kilifanya kazi vizuri.

Wako walimu wanaosema simu hii iondolewe, ofisi inunue ya mkononi moja, mambo yaishe. Wana hoja. Umeme ukikatika hapa Makumira mtambo wetu huzimika, wakati zile simu za zamani zilipata nguvu zake katika waya wenyewe, kiasi cha volti 48 kutoka mtambo wa Posta, zikaendelea kulia gizani. Lakini simu ya mkononi humfuata mtu. Mtu akienda mjini, nayo yaenda mjini. Akihamishwa, namba yapotea pamoja naye. Hii ya mezani ni ya kiti, si ya mtu. Namba yake inayoanza na 027 imeandikwa katika fomu ya kujiunga ya kila mwanafunzi aliye hapa, na wazazi wengine wameiandika ukutani kwa mkaa. Ningependa fedha zitafutwe za betri, si za kuifuta namba.

Limebaki la likizo. Mwezi wa kumi na mbili ofisi hufungwa, na mkuu wa shule ameagiza kwamba kwa kitufe cha kuelekeza simu, kila atakayepiga namba ya shule apelekwe kwenye simu ya matroni, ambaye hukaa hapa hapa mwaka mzima. Mpigaji hatatambua tofauti, ila shule ndiyo italipa kipande cha njia kutoka hapa hadi kwa matroni, kwa hiyo mazungumzo yawe mafupi. Iwapo ni moto au hatari ya usiku, msimpigie matroni: pigeni 114 kwa Zimamoto na 112 kwa Polisi. Nimeandika maelezo ya vitufe vyote kwa Kiswahili katika karatasi, nikaibandika chini ya kioo cha meza, kwa ajili ya kiranja atakayekuja baada yangu.