Mawe ya nyongo na maziwa ya Mushaki



Mwaka jana tulimkosea mama mmoja wa hapa kwetu. Mtoto wake mwenye drepanositozi aliumwa chini ya mbavu za kuume, akatapika, macho yakazidi kuwa manjano. Wengine wetu walisema ni karuho. Sisi walimu, tuliojiona tumesoma, tulimwambia apunguze maziwa na fromaji. Ekografi ya Goma ikaonyesha mawe katika kifuko cha nyongo.

Mawe hayo hayafanani. Ya manjano hutokana na kolesteroli ikizidi ndani ya nyongo, nayo hutufuata sana sisi wamama: wakati wa mimba homoni huongeza kolesteroli hiyo, na kifuko kinakuwa kivivu kujimwaga. Ya kahawia huja pale mifereji ya nyongo imeingiliwa na mikrobi au minyoo.

Ya mtoto yule ni meusi. Damu ya drepanositozi huvunjika upesi, na kila chembe nyekundu ikivunjika huacha bilirubini, rangi ile ile inayoonekana machoni. Ikizidi, hushikana na kalisi, ikaganda. Maziwa hayana kosa hapo, na vidonge haviyayeyushi mawe hayo. Yakisumbua, daktari hutoa kifuko chenyewe.

Macho ya manjano kidogo, watoto hawa wanayo mara nyingi. Lakini yakizidi, pamoja na homa na maumivu yale ya kuume, tusingoje asubuhi.

Tulienda kumwomba mama yule msamaha. Alitukaribisha kwa maziwa.