Jina Nililoliacha Nje

Nilimwacha rafiki yangu nje ya orodha ya marehemu wa darasa letu, nikijua ninachofanya.

Kamati ya wahitimu wa mwaka wetu pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilinikabidhi kazi ya kuandaa kijitabu cha kuwakumbuka wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Nikaanza na orodha ya mahafali. Kila marehemu aliyekuwemo nilimtafutia picha, nikaandika alikozaliwa, shahada yake na vyeo vyake. Jaji alipata ukurasa mzima. Mwalimu wa sekondari aliyefia kijijini alipata mistari michache, na hata hiyo niliipunguza ili picha ya jaji ienee.

Rafiki yangu hakuwemo kwenye orodha ya mahafali. Alidisko, yaani aliondolewa masomoni, mwaka wa pili. Sapu, mitihani ya marudio, zilifanyika yeye akiwa nyumbani anamuuguza baba yake. Baadaye alifungua kibanda cha fotokopi jirani na chuo, na ripoti zetu nyingi za utafiti zilichapwa pale kwa mkopo, tukisubiri bumu, fedha zetu za kujikimu. Mimi nilikuwa na deni kubwa zaidi. Mwaka wa kwanza nilikosa chumba, akanibeba kwenye kitanda chake chembamba, tukilala mzungu wa nne. Mitihani nayo niliivuka kwa kusoma madesa yake.

Vijitabu vilipokwisha kugawiwa, dada yake alinipigia simu.

“Kaka, nimesoma chote. Marehemu simwoni.”

“Dada, tumeweka wahitimu tu. Ndiyo utaratibu.”

“Haya, kaka. Ahsante.”

Utaratibu huo niliutunga mwenyewe; hakuna kikao kilichoupitisha. Nilitaka kijitabu kionekane kizito mbele ya wageni waalikwa, nikaona mwenye kibanda cha fotokopi angekishusha hadhi. Marehemu niliwapa heshima kwa kadiri walivyoweza kuniheshimisha mimi.

Historia ya chuo hichohicho ingetosha kunisuta. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400, wakiwemo wa vyuo vingine. Samuel Sitta alikuwa mmoja wao. Alirudi, akahitimu sheria mwaka 1971, akawa Spika wa Bunge kuanzia 2005 hadi 2010. Alipofariki Novemba 2016, nani angethubutu kusema hakusoma Mlimani? Lakini kwa kipimo changu, lau mauti yangemkuta kabla hajarudishwa, waliokaa naye darasani wasingekuwa na ruhusa ya kumwita mwenzao.

Nilikwenda kwa dada wa rafiki yangu kuomba radhi. Alinikaribisha, akanisimulia mambo niliyopaswa kuyauliza mapema: kwamba kibanda kile ndicho kilichowasomesha wadogo zake, na kwamba hadi mwisho, rafiki yangu akiulizwa alisoma wapi, alijibu Mlimani bila kusita. Sikuwa na la kusema.

Kamati imekubali kwamba kuanzia sasa orodha itatokana na daftari la walioandikishwa mwaka wa kwanza, si la waliohitimu. Wanachama wengine wamenisifu kwa wazo hilo. Ndiyo maana naandika haya: wajue kwamba halikutokana na busara yangu. Lilitokana na jina nililoliondoa kwa mkono wangu, kisha nikamwambia dada wa marehemu kwamba limeondolewa na utaratibu.