Kibandiko Kando ya Kibandiko

Mwaka 1938, kwenye viwanja vya Hotel Del Monte mjini Monterey, California, mtu mmoja alichuma uyoga. Ulikaushwa, ukaandikiwa mahali na tarehe, kisha ukawekwa hebaria, yaani ghala linalotunza mimea na uyoga uliokaushwa kwa ajili ya utafiti. Ulikuwa Amanita phalloides, uyoga hatari kupita wote kwa walaji. Hata ukipikwa au kukaushwa, sumu yake haitoki.

Watu walibishana kwa miaka mingi: je, ni mwenyeji wa Marekani au ulitoka Ulaya? Charles Peck wa New York, mtaalamu wa uyoga aliyeheshimika sana, aliutaja katika taarifa zake za karne ya 19 kuwa unapatikana Marekani. Baadaye, mwaka 1918, mtaalamu mwingine, George Atkinson, akatangaza kwamba uyoga fulani wa kahawia uliokuwa ukiitwa phalloides ni spishi nyingine kabisa, akaupa jina Amanita brunnescens. Hatimaye mtafiti Anne Pringle na wenzake wakafungua pakiti kuukuu za hebaria, wakapima vinasaba, na mwaka 2009 wakachapisha jibu: huko California ni mgeni, na unaenea. Kielelezo kile cha Del Monte ndicho cha zamani zaidi kilichothibitishwa huko.

Heshima ya Peck isingetosha kuamua shauri hili. Kilichotosha ni uyoga wenyewe, mkavu, ukiwa na tarehe yake.

Kuna desturi moja ya hebaria ninayoipenda mno. Mtaalamu akigundua kwamba kielelezo kilipewa jina lisilo lake, habandui kibandiko cha zamani. Hubandika kingine kando yake, akaandika jina jipya, jina lake mwenyewe na mwaka. Aliyetangulia hafutwi wala haaibishwi. Rai yake inabaki ikisomeka, na atakayekuja kesho anaachiwa nafasi ya kuongeza yake. Sisi tukibishana majumbani na vikaoni, mara nyingi tunataka neno la mwenzetu lifutike kabisa.

Tena kazi ya kuchuma na kuandika haingoji. Rangi ya kijani ya kofia hufifia, harufu hupotea, na ukiung'oa uyoga huu kwa pupa, kile kifuko cha chini ya shina kinachoutambulisha hubaki udongoni. Mchumaji hana budi kuchimba taratibu na kuandika alichokiona uyoga ukiwa bado mbichi.

Nimeanza kuandika hivyo kuhusu watu katika daftari langu. Nikimwita mtu mchoyo, naandika pia alichofanya, wapi na siku gani, kabla hasira haijakoleza rangi. Nimeacha pambizo pana, kwa sababu natamani wanangu walisome siku moja, na wakiona jina nililotoa silo, waandike lao hapo pembeni na mwaka.