Sekunde moja karibu initoe elfu 35

Wasee, nilikuwa nimebakisha siku mbili nichukue pesa za chama za mum ninunue laptopu ingine. Shilingi 35,000. Alikuwa ashakubali, na hiyo ndiyo ilikuwa inaniuma.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Tangu hapo najifundisha kuandika programu usiku, kwa laptopu ya mtumba ambayo skrini imeshikwa na selotepu. Naandikia kwa Emacs. Ilitoka 1985, imenizidi umri mbali sana, lakini ni ya bure na haichoshi mashine.

Sasa nina kaprogramu kangu ka kupanga video, kanaendelea kukimbia mpaka nikazime. Nikibadilisha kitu nakompaili tena, Emacs inauliza kama iue ile ya kwanza, nasema ndio, halafu inaganda. Kidogo tu, kama mtu amemeza mate. Kila mara. Nikajiambia laptopu imeisha. Siku zingine nilijiambia ni mimi, si niliacha shule, pengine kuna kitu wengine walifundishwa.

Usiku mmoja nikakasirika nikafungua msimbo wa Emacs yenyewe. Hawafichi, uko hapo, mwingi ni Lisp. Faili inaitwa compile.el. Nikasoma polepole, na nikaipata: inaambia programu ya zamani ikome, halafu sit-for 1, halafu ndio inaifuta. Yaani ngoja sekunde moja. Imeandikwa! Mtu aliketi akaiweka.

Kuwa mkweli, najua sababu. Programu ikiambiwa ikome inahitaji nafasi ya kufunga faili zake. Sawa. Lakini yangu inakufa papo hapo, na Emacs bado inamalizia sekunde yake ikilinda maiti. Si ingeangalia tu kama imekufa iendelee?

Na hii ndio ilinichekesha: hiyo sit-for inakatika ukibonyeza kitufe chochote. Kumbe zile siku nilikuwa nagonga kibodi kwa hasira, nilikuwa naiharakisha kweli.

Nikanakili hiyo funksheni kwa faili yangu ya mipangilio, pale kwa 1 nikaweka 0.1. Imeisha hivyo. Ukipiga hesabu, nikikompaili mara 60 kwa usiku nimeokoa karibu dakika moja, na dakika moja hata chai haichemki. Lakini mimi karibu ninunue mashine mpya, na hiyo mashine mpya ingengoja sekunde ile ile.

Asubuhi nikamwambia mum asitoe pesa, laptopu iko sawa.

"Haya," akasema, "basi nirudishie ile elfu mbili ya Machi."