Kinyongo cha Knoxville: Kocha aliondoka, watoto wakarithi hasira

Siku sita za wiki Knoxville ni mji mtulivu wa vilima na mto, mashariki ya jimbo la Tennessee nchini Marekani. Jumamosi ya mechi hautaujua. Uwanja wa Neyland, uliojengwa kando ya Mto Tennessee mwaka 1921, unaingiza watu zaidi ya 100,000. Chukua Uwanja wa Mkapa ukiwa umefurika, ongeza nusu yake, bado kuna viti vitabaki. Wengine huja kwa mashua na kuzifunga ukingoni, zikabanana mpaka mtu anavuka kutoka moja hadi nyingine bila kulowa. Rangi ni moja tu, chungwa. Niliona mpaka kichanga wa wiki chache amefungwa kilemba cha chungwa, na mbwa wa jirani naye hakusahaulika.

Na hii ni timu ya chuo kikuu, si klabu kama Simba au Yanga. Mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na kusukumana.

Nilikwenda huko Oktoba 2025 na kufikia kwa familia ya Warundi. Knoxville ina Warundi na Wakongo wa kutosha kukufanya usikie Kiswahili sokoni. Wenyeji wangu walitoka kambi ya Mtabila, Kasulu, mwaka 2008, wakati Marekani ilipokuwa ikiwachukua Warundi waliokimbia nchi yao tangu 1972. Mama mwenye nyumba alinipokea kwa ugali na samaki, akaniita mdogo wangu siku hiyo hiyo. Mwanawe wa kiume ana miaka 22. Alizaliwa Mtabila, akaingia Tennessee akiwa na miaka mitano.

Huyo kijana ndiye aliyenipeleka uwanjani, pamoja na mzee mmoja wa Kizungu, jirani yao, ambaye amekuwa akimchukua kwenye mechi tangu akiwa darasa la pili. Mzee ana viti alivyoachiwa na baba yake. Tangu asubuhi watu walikuwa wakichoma nyama nyuma ya magari yao, na mzee alinikabidhi sahani yenye nyama ya kulisha watu watatu. Nikauliza, kwa nia njema tu, Lane Kiffin alikuwa kocha wa aina gani. Mzee aliweka uma chini. Kijana akajibu badala yake, kwa Kiswahili ili nielewe vizuri: "Yule si kocha, anti. Yule ni mwizi wa usiku."

Kisa chenyewe kiko hivi. Mwishoni mwa 2008 chuo kilimwondoa Phillip Fulmer, mtoto wa nyumbani aliyekuwa kocha mkuu tangu 1992 na aliyewapa ubingwa wa taifa mwaka 1998. Nafasi yake akapewa Kiffin, mwenye miaka 33, maneno mengi. Aliahidi kuifunga Florida na kuimba wimbo wa timu usiku kucha. Florida ikawafunga 23 kwa 13. Msimu ukaisha kwa kushinda mechi saba na kupoteza sita, si vizuri, si vibaya. Watu wakasema tumpe muda.

Usiku wa Januari 12, 2010, baada ya msimu huo mmoja, aliitisha waandishi wa habari, akazungumza kwa dakika moja hivi, akasema anakwenda Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles. Wanafunzi wakamiminika nje ya jengo la timu, moto ukawashwa barabarani. Baadaye kuna waliotaka mtambo wa majitaka wa mji upewe jina lake.

Makocha huhama kila mwaka, na hilo hata mzee analijua. Nilipomsikiliza kwa muda nikaona kinachomuuma ni namna alivyoondoka. Kwetu mgeni akilala kwako usiku mmoja tu, asubuhi anaaga, na wewe unamsindikiza mpaka njia panda. Huyu alilala zaidi ya mwaka, akala, akasifiwa, akatoka bila kukaa chini na mtu. Baada yake Tennessee ilipitia makocha watatu kabla ya kumpata wa sasa mwaka 2021, na kila walipofungwa vibaya mtu alikumbuka ule usiku wa Januari. Kwa maoni yangu hilo si haki. Makocha wale watatu walikuwa na makosa yao wenyewe, na walioajiri walikuwa na yao.

Oktoba 16, 2021 Kiffin alirudi Neyland akiwa kocha wa Ole Miss. Zikiwa zimebaki sekunde 54, Ole Miss wakiongoza 31 kwa 26, waamuzi walitoa uamuzi uliowaudhi wenyeji. Vikaanza kurushwa vitu kutoka majukwaani: chupa za maji, chupa ya haradali, na mpira wa gofu uliompata Kiffin mwenyewe. Mchezo ulisimama kwa takriban dakika 20. Chuo kikatozwa faini ya Dola 250,000, zaidi ya Sh500 milioni.

Fikiria umri. Mwanafunzi wa miaka 18 aliyekuwa jukwaani siku ile alikuwa na miaka sita au saba kocha alipoondoka. Hasira ile aliipata mezani kwao, kama wengine wanavyopata shamba. Kijana wetu alikuwepo. Anaapa hakurusha kitu. Dada yake, aliyekuwa akikata vitunguu, alicheka peke yake.

Mimi huandika habari za afya, na siwezi kuacha. Kombe la Dunia la 2006, watafiti wa Ujerumani walihesabu wagonjwa wa dharura ya moyo eneo la Munich. Siku ambazo timu yao ilicheza, idadi iliongezeka zaidi ya mara mbili, na wanaume waliathirika zaidi. Mzee wetu alikuwa na kipakiti cha dawa za presha kwenye mfuko wa koti lake la chungwa. Nilimuuliza kama amekunywa ya asubuhi. Alisahau. Akanywa pale pale, akishushia na soda, jambo ambalo nililinyamazia kwa sababu ya ile nyama.

Jioni nilimsimulia Bibi, mama yake mwenye nyumba. Alikimbia Burundi 1972 akiwa msichana, akaenda Zaire, vita ikamtoa tena 1996 hadi Kigoma. Alimgeukia mjukuu: "Huyo mtu alikuchukulia nini?"

Kijana akasema, "Alituacha, Bibi."

Bibi akacheka mpaka akashika ubavu. Baadaye, tulipobaki wawili jikoni, aliniambia kwamba aliyewaonyesha askari nyumba yao alikuwa jirani, mtu waliyekula naye. Anamkumbuka jina, na majina ya watoto wake. Wajukuu hawajawahi kuyasikia. "Nitakufa nayo," alisema. "Wao wakitaka kugombana, wagombane na huyo wa mpira. Hana shida."

Mama mwenye nyumba ana wasiwasi zaidi. Anaona mwanawe amejifunza kuchukia ili afanane na wenzake, na angependa angejifunza kitu kingine kwanza. Nilimwambia pia amejifunza kuamka alfajiri na kumsaidia mzee kupanda ngazi za uwanja, kwa sababu hilo nililiona.

Novemba 30, nikiwa nimesharudi Dar es Salaam, Kiffin aliiacha Ole Miss na kwenda LSU, timu ikiwa imeshinda mechi 11 na kupoteza moja, bado inangoja mchujo wa ubingwa. Watu walimfuata hadi uwanja wa ndege kumzomea. Kijana alinitumia ujumbe wa sauti, nusu yake kicheko: "Tuliwaambia, anti! Tuliwaambia!" Nyuma yake Bibi alisikika akiuliza nani tena ameondoka.